Tatu Kutoa Tano: Alama ya Namba Darasani na Katika Mashine

Katika shule zetu za msingi imo sentensi moja ambayo karibu kila mwanachuo huitamka kabla ya kumaliza wiki ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, nayo ni hii: "Tatu kutoa tano haiwezekani." Huitamka kwa nia njema. Mtoto amefika kwenye safu ya mamoja, tarakimu ya juu ni ndogo kuliko ya chini, na mwalimu anatafuta njia ya haraka ya kumpeleka kwenye makumi. Miaka michache baadaye mwalimu mwingine, katika chumba cha jirani, humwambia mtoto yule yule kwamba tatu kutoa tano ni hasi mbili, tena kwa sauti ya mtu asemaye jambo lililokuwa wazi siku zote. Mtoto hakuambiwa sheria ilibadilika lini wala nani aliyeibadilisha. Wako watoto wanaolipokea jambo hili bila kinyongo. Wako pia wanaohitimisha, kimya kimya, kwamba hisabati ni amri za walimu, na kwamba amri hubadilika kufuatana na darasa. Na mtoto aliyekwisha kufikia hitimisho hilo huacha kufikiri, hungoja kuambiwa.

Makala haya yanahusu alama ya namba, yaani chanya na hasi, na jinsi inavyotupasa kuieleza. Nimeingiza humo habari za kompyuta, si kwa kupenda mambo mapya, bali kwa sababu watunga programu hukutana na swali hili hili la Darasa la Pili kila siku ya kazi yao, na wao wakilijibu ovyo, hasara huonekana upesi kuliko hasara yetu sisi walimu.

Buigiri ni kijiji cha Wilaya ya Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Wengi hukijua kwa ajili ya shule ya wasioona iliyoanzishwa hapo na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, ambayo ni miongoni mwa shule za kale za aina yake nchini. Mimi nilikwenda huko kuwakagua wanachuo waliokuwa wakifanya mazoezi katika shule za kawaida za jirani, na nilikaa nyuma ya darasa kama ilivyo desturi ya wakufunzi, daftari likiwa magotini.

Mwanachuo aliyekuwa akifundisha Darasa la Pili alikuwa na sauti nzuri na ubao uliopangika. Aliuliza mifano ya kutoa, watoto wakaitoa, na mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Tatu kutoa tano." Akajibiwa kwamba haiwezekani. Yule mvulana hakuketi. Akasema, "Mwalimu, bibi alikuwa na elfu tatu, akachukua unga wa elfu tano. Mwenye duka akaandika mbili." Darasa likacheka, mwanachuo naye akatabasamu, na somo likaendelea. Mvulana akaketi, na katika vipindi viwili vya hisabati nilivyohudhuria baadaye sikuuona mkono wake ukinyooshwa tena.

Nawaomba mwangalie neno la mtoto huyu, kwa maana alisema zaidi ya alivyokusudia. Hakusema mwenye duka aliandika "hasi mbili". Alisema aliandika mbili. Na ndivyo ilivyo: funua daftari lolote la duka la kijijini, hutaona kistari cha hasi mbele ya madeni. Utaona jina la mtu na elfu mbili, basi. Kinachotufanya tujue kuwa hizo elfu mbili ni deni, wala si akiba, ni ukurasa zilipoandikwa. Ukiichana karatasi ile na kuipeleka kijiji kingine, hakuna awezaye kusema kama bibi anadai au anadaiwa. Tarakimu ni zile zile, lakini maana iko katika mapatano baina ya aandikaye na asomaye.

Katika habari hii watu wa zamani hawakuwa mbali na duka la Buigiri. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, alipoandika kanuni za kujumlisha na kutoa namba chanya na hasi mwaka 628, aliziita mali na madeni.

Jioni ya siku ile nilikwenda kumwamkia mwalimu mmoja mstaafu asiyeona, ambaye amejenga hapo kijijini. Nilimsimulia habari ya mtoto na duka. Hakujibu kitu. Aliingia ndani, akarudi na kipande cha karatasi ngumu ya nukta nundu, akakiweka mkononi mwangu. "Mwalimu," akasema, "hapo pameandikwa nini?" Mimi husoma nukta nundu kwa macho, tena polepole, nikahesabu seli moja moja, nikamjibu, "Baba." Akacheka. Akachukua karatasi, akaweka seli moja tu mbele ya zile nne, akairudisha. Sasa ilikuwa imeandikwa 2121.

Kwa wale ambao hamjapata kuisoma, yafaa nieleze. Maandishi ya nukta nundu, aliyoyatangaza Louis Braille huko Ufaransa mwaka 1829, hutumia seli yenye nafasi sita za nukta, safu mbili za nukta tatu tatu. Kila nafasi ama ina nundu ama haina. Kwa hiyo mipangilio yote inayowezekana ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani 64, ukihesabu na seli tupu. Na 64 haitoshi herufi, tarakimu na alama zote. Ndipo ikapatanwa kwamba herufi kumi za mwanzo, kuanzia a mpaka j, zitumike pia kuwa tarakimu 1 mpaka 9 na 0, iwapo zimetanguliwa na alama ya namba, yenye nukta ya 3, 4, 5 na 6. Bila alama hiyo vidole vinasoma "baba", na alama ikiwapo vinasoma 2121. Vivyo hivyo "dada" ni 4141, na "haba" ni 8121. Nundu zenyewe hazikubadilika hata moja.

"Mtoto wetu asiyeona," akasema yule mzee, "hana nafasi ya kudhani kwamba tarakimu hujisema yenyewe. Siku ya kwanza anafundishwa kuuliza: nasoma kwa mapatano gani?" Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba watoto wenye kuona nao wanastahili kufundishwa swali hilo, na hatuwafundishi.

Sasa niingie katika mashine. Kompyuta huweka kila kitu katika nafasi ambazo ama zina 1 ama zina 0, na kila nafasi huitwa biti. Biti nane hufanya baiti moja. Mwenye kujua nukta nundu haoni ajabu hapo, na kwa kweli vyombo vya kompyuta vinavyoonyesha maandishi kwa wasioona hutumia seli ya nukta nane badala ya sita, yenye mipangilio 256, sawasawa na baiti. Lakini sikushauri, ndugu mwanachuo, uanze na moja na sifuri mbele ya watoto. Anza na makopo.

Chukua makopo matatu ya maziwa yaliyo sawa. Toboa kila kopo chini na juu, uyatunge katika kijiti kimoja ili yazunguke. Gandisha karatasi kuzunguka kila kopo na uandike 0 mpaka 9 kwa nafasi zilizo sawa. Kwa mtoto asiyeona, tumia karatasi ngumu yenye tarakimu za nukta nundu. Chora mstari mmoja kwenye ubao mwembamba ulio sambamba na kijiti, ili tarakimu tatu zilizoelekea mstari huo ndizo zisomwe. Umekwisha kupata mashine yenye nafasi tatu, inayotoka 000 mpaka 999. Ni kitu kile kile kilichomo katika dashibodi ya lori la zamani kwa kuhesabu kilometa, nao watoto wa kando ya barabara kuu wanakijua.

Watoto wajumlishe na kutoa kwa kuzungusha. Baada ya muda, waambie waiweke mashine kwenye 999 na waongeze moja. Kopo la mamoja linarudi 0 na kulisukuma la makumi, la makumi linarudi 0 na kulisukuma la mamia, la mamia nalo linarudi 0 na kutaka kulisukuma la maelfu, ambalo halipo. Mashine inasoma 000. Elfu moja imepotea hewani. Kisha waambie waanze kwenye 000 na watoe moja. La mamoja linataka kukopa kwa makumi, makumi hayana kitu, yanakopa kwa mamia, mamia nayo hayana kitu, yanakopa kwa jirani asiyekuwepo. Na mashine, ambayo haioni haya, inaandika 999.

Hapo simama, usiharakishe. Waulize watoto: je, mashine imekosea? Wengi watasema imekosea. Basi waambie waongeze 1 kwenye 999 hiyo, inarudi 000. Waambie waiweke 005 na waongeze 999. Jibu lingekuwa 1004, lakini nafasi ni tatu, kwa hiyo inabaki 004. Tano kujumlisha 999 imekuwa nne! Kitu ambacho ukikiongeza kwenye tano unapata nne, na ukikiongeza kwenye moja unapata sifuri, kinastahili kuitwa jina gani? Watoto wa madarasa ya juu, wakiachwa wafikiri, hulitoa jibu wenyewe: ni hasi moja. Na 998 je? Ni hasi mbili. Na 997 ni hasi tatu, maana 007 kujumlisha 997 ni 1004, yaani 004. Mashine isiyojua kutoa imefanya kitendo cha kutoa kwa kujumlisha tu. Mimi sijaona zana nyingine ya bei ya makopo matatu inayofika mbali hivi.

Lakini 999 haikuacha kuwa mia tisa tisini na tisa. Ikiwa tunahesabu magunia ya mtama ghalani, 999 ni magunia 999, na hakuna gunia hasi. Ikiwa tunahesabu nani anadai na nani anadaiwa, 999 yaweza kusomwa kuwa hasi moja. Hapo hatuna budi kupatana kabla ya kuanza. Mapatano ya kwanza: namba zote ni zisizo na alama, kutoka 0 mpaka 999. Mapatano ya pili: nusu ya kwanza, 000 mpaka 499, zisomwe kama zilivyo, na nusu ya pili, 500 mpaka 999, zisomwe kuwa hasi, kutoka hasi 500 mpaka hasi 1. Kila mapatano yana ukingo wake ambapo hesabu huvunjika. Katika ya kwanza ukingo uko kati ya 999 na 000. Katika ya pili uko kati ya 499 na 500: ongeza moja kwenye 499 nawe unatumbukia hasi mia tano. Hakuna mapatano yasiyo na ukingo maadamu makopo ni matatu. Unachochagua ni mahali pa kuuweka.

Kompyuta hufanya hivyo hivyo, ila kwa biti. Baiti isiyo na alama huanzia 0 na kuishia 255. Baiti yenye alama huanzia hasi 128 na kuishia 127. Mpangilio wa 11111111 ni 255 kwa mapatano ya kwanza na hasi 1 kwa mapatano ya pili. Ukitaka kuipata hasi 3, chukua 3, ambayo ni 00000011, geuza kila 0 iwe 1 na kila 1 iwe 0, upate 11111100, kisha uongeze moja: 11111101. Asiye na mapatano ya pili ataisoma 253. Ni kazi ile ile ya makopo, ambamo 997 ilikuwa hasi tatu.

Hitilafu haianzii katika mapatano yoyote ya haya mawili, maana yote ni mazuri. Huanzia pale yanapochanganywa, au pale mtu anapochagua moja bila kufikiri. Chukua rejista ya mahudhurio. Idadi ya watoto darasani haiwezi kuwa hasi. Kwa hiyo mtunga programu wa rejista ya shule anaona ni busara kuitumia namba isiyo na alama. Sawa. Jumatatu walikuja watoto 41, Jumanne 38. Mwalimu Mkuu anataka kujua tofauti ya leo na jana. Idadi mbili ambazo kamwe si hasi zimezaa tofauti ambayo ni hasi tatu, na namba isiyo na alama haina mahali pa kuiweka. Makopo yetu yangeandika 997. Kompyuta yenye biti 32 ingeandika 4,294,967,293. Mwenye kusoma taarifa hiyo angefikiri kwamba watu wa dunia zaidi ya nusu wamehamia Buigiri usiku mmoja.

Naona mfano huu una manufaa kwa mwalimu hata kama hatagusa kompyuta maisha yake yote, kwa kuwa unatenganisha mambo mawili ambayo vitabu vyetu huyachanganya: hesabu ya vitu, na hesabu ya tofauti za vitu. Mbuzi zizini huhesabiwa bila alama. Mbuzi walioongezeka au kupungua tangu kiangazi kilichopita huhesabiwa kwa alama. Mtoto akiulizwa ni lini tunahitaji namba hasi, asijibu kwamba ni tunapofika mada ya namba hasi. Ajibu kwamba ni tunapolinganisha.

Katika lugha ya programu iitwayo C, ambayo imetumika tangu miaka ya 1970 na bado iko katika matumbo ya mashine nyingi, kuna kanuni inayowashangaza wengi. Namba kamili ya kawaida yenye alama ikikutana na isiyo na alama ya ukubwa ule ule, ile yenye alama hugeuzwa isomwe kama haina alama. Kwa hiyo ukiuliza mashine kama hasi 1 ni ndogo kuliko 1, huku hiyo 1 ikiwa ya aina isiyo na alama, utajibiwa kwamba sivyo. Hasi 1 imekwisha kusomwa kuwa 4,294,967,295. Vile vile ukiiamuru ihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi na isimame namba itakapokuwa chini ya sifuri, nawe umeipa namba isiyo na alama, haitasimama kamwe, maana chini ya sifuri hakufikiki. Lugha nyingine zimechagua njia nyingine. Java, iliyotolewa mwaka 1995, iliamua kwamba karibu namba zake zote ziwe na alama. Python huongeza nafasi kadiri namba inavyokua, kama mtu aongezaye kopo kila linapohitajika, na hulipa kwa kwenda polepole zaidi.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliharibika sekunde kama 40 baada ya kuruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Ndani ya programu yake, iliyorithiwa kutoka roketi ya Ariane 4 iliyokuwa na mwendo mdogo zaidi, kipimo kimoja kiligeuzwa kuwa namba yenye alama ya biti 16. Namba ya aina hiyo huishia 32,767. Kipimo kilikuwa kikubwa kuliko hicho, nafasi haikutosha, na vyombo vya kuongoza roketi vikazimika. Tena kuna tarehe ambayo bado iko mbele yetu. Mashine nyingi zilijengwa zihesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, katika namba yenye alama ya biti 32, inayoishia 2,147,483,647. Sekunde hizo zitakwisha tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Dodoma, na mashine isiyorekebishwa itasoma sekunde inayofuata kuwa ya tarehe 13 Desemba 1901. Watoto waliozaliwa mwaka 2020 watakuwa na umri wa miaka kama 18 siku hiyo, na huenda baadhi yao watakuwa miongoni mwa mafundi.

Mtu aweza kuuliza kama mambo haya yanamhusu mwalimu wa shule ya msingi. Nchi yetu iliwahi kujibu kwamba bado: mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lilidumu kwa miaka mingi. Walimu wa wakati ule walifundisha namba hasi kwa chaki na mstari wa namba, na walifundisha vizuri. Siwatetei wanaodhani kwamba mashine itamfundisha mtoto. Nasema tu kwamba mashine inatuonyesha, bila kutuonea aibu, yale tuliyoyaacha bila kuyasema.

Basi tuseme nini katika Darasa la Pili? Mimi nashauri hivi. Mtoto akisema "tatu kutoa tano", usimwambie haiwezekani. Mwambie, "Kwa namba za kuhesabia vitu, hatuna jibu la hiyo. Ziko namba nyingine zenye jibu, nawe utazisoma ukifika madarasa ya mbele." Sentensi hiyo haichukui muda zaidi, ni ya kweli leo, na itakuwa ya kweli miaka minne ijayo. Na kama mtoto ameleta daftari la duka, lipokee. Andika ubaoni safu mbili, "anazo" na "anadaiwa", uweke mbili katika ile ya pili, kisha uendelee na somo lako. Mwanachuo wa Buigiri nilimpa shauri hilo baada ya kipindi, na kesho yake alimwita yule mvulana ubaoni achore safu hizo kwa mkono wake.

Kuna habari ya maneno pia. Kalamu ina kistari kimoja tu, lakini Kiswahili kina maneno mawili: kutoa, ambalo ni kitendo, na hasi, ambayo ni hali ya namba. Hii ni bahati, na ni ajabu kwamba walimu wengi huitupa. Husoma −3 kuwa "toa tatu", na wakifika 5 − (−3) wanajikuta wakisema "tano toa toa tatu", jambo ambalo hakuna mtoto awezaye kulielewa. Sema "tano kutoa hasi tatu", nawe umekwisha kueleza nusu ya swali. Jiandae tu kwamba katika nchi ya wafugaji kama Ugogo neno hasi litaleta kicheko siku ya kwanza, kwa maana watoto wanajua kuhasi ni kufanya nini. Waache wacheke, kisha uendelee.

Neno kukopa silipendi sana. Mwenye kukopa hurudisha, na katika safu za kutoa hakuna kinachorudishwa kwa makumi. Kuvunja kumi, kama mtu avunjavyo noti apate sarafu, ndiko kunakoeleza kinachotendeka. Hata hivyo, kwa makopo yanapoteremka chini ya 000 nimebaki na neno kukopa, kwa sababu hapo ndipo linapofaa kweli: mkopo umechukuliwa kwa asiyekuwepo, na deni linabaki limeandikwa kwa tisa tatu.

Kuhusu mifano, vitabu hupenda baridi iliyo chini ya sifuri. Mtoto wa Buigiri hajaona maji yakiganda nje ya nyumba. Mpe Ziwa Tanganyika. Uso wake uko kiasi cha meta 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu ni kiasi cha meta 1,470. Sakafu yake, basi, iko 773 kutoa 1,470, yaani hasi 697: karibu meta mia saba chini ya usawa wa bahari, mbali na pwani. Hapa wala si deni wala si hasara, na mtoto anaona kuwa hasi si jina la jambo baya, ila ni upande.

Niongeze jambo moja lililotokea wanachuo walipoyapeleka makopo katika Darasa la Sita. Watoto walikuwa wamekwisha kukubali mapatano ya pili, nao walikuwa wakicheza mchezo wa kutafuta mwenzi: unatajiwa namba, unatafuta ile ambayo ukiijumlisha nayo unapata 000. Mwenzi wa 001 ni 999, mwenzi wa 120 ni 880, na kadhalika. Msichana mmoja alitajiwa 500. Akazungusha, akatafuta, akarudi na jibu kwamba mwenzi wake ni 500. Wenziwe wakamwambia amekosea, kwa kuwa haiwezekani hasi mia tano iwe kinyume cha nafsi yake. Wakajumlisha: 500 na 500 ni 1000, na kwa makopo matatu ni 000. Hakukosea. Wakahesabu upya, wakaona kwamba sifuri imekaa upande wa chanya na kuchukua nafasi moja, kwa hiyo hasi ziko 500 na chanya ziko 499 tu, na hasi moja imebaki bila mwenzi. Ndivyo ilivyo hasi 128 katika baiti. Watunga programu wanaijua, na ukiiambia mashine igeuze alama yake, katika baiti ile ile inabaki hasi 128.

Mwanachuo aliwauliza watoto wafanye nini na 500. Kundi moja likasema ifutwe kwa rangi ili isisomwe kabisa. Kundi la pili likasema iwekwe upande wa chanya, kwa kuwa ndiko kulikopungukiwa. La tatu, ambamo alikuwemo yule msichana, likataka kopo la nne. Kengele ililia kabla hawajapatana.